Ng'ombe wa Vitabu

Mfukoni mwa koti lake Mwalimu wetu wa hesabu hakuweka saa wala kalamu. Aliweka shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia ya pamba, pamoja na kibonge cha nyuzi alizozichomoa kwenye magunia yenyewe. Mgeni akimwona anaitoa angedhani ni mtu wa ghala la pamba pale stesheni aliyepotea njia akaingia darasani. Sisi wanafunzi wake tulijua kazi ya ile shazia. Tukiiona inatoka tulianza kutazamana na kuchekana, kwa sababu kulikuwa na kitabu kinachokwenda kuchinjwa.

Kuchinjwa ni neno letu, si lake. Chuo chetu cha ualimu kilikuwa nje kidogo ya mji wa Shinyanga, siku zile reli ikiwa bado mpya na watu wakienda stesheni kulitazama gari moshi tu, bila safari. Vitabu vilikuwa vichache. Cha hesabu kilikuwa kimoja kwa wote tusio na chetu, na hicho kimoja kilikuwa mali ya Mwalimu. Alinawa mikono, akakausha kwa leso, akakilaza kitabu juu ya meza kifudifudi. Kisha akafumua mishono ya mgongoni, taratibu, bila kuchana hata ukingo wa karatasi. Kitabu kikatoka vipandevipande, kila kipande akakishonea jalada la gunia, na kila Jumatatu tukabadilishana.

Majina ya vipande tuliyatunga wenyewe. Kujumlisha na kutoa kulikuwa mkia. Faida na hasara zikawa paja, kwa kuwa ndipo ulipokuwa mnofu wa mtihani. Hesabu za sehemu tuliziita nyongo. Ukikutana na mwenzako kisimani ulimwuliza, "Wiki hii umegawiwa nini?" Akijibu, "Nyongo," ulimpa pole ya kweli kabisa. Mwalimu alijifanya hasikii, lakini siku moja alipokuwa anagawa alisema kwa sauti ya kawaida, "Masanja, njoo uchukue kidari chako," na darasa likavunjika mbavu.

Alikuwa anapenda vitabu kupita kiasi, na hilo ndilo lililotufanya tumshangae. Hakuweka kitabu chini hata mara moja. Akikuta umekunja ncha ya ukurasa aliikunjua kwa ukucha, akaipapasa na kukutazama mpaka ukatamani ardhi ipasuke. Halafu mtu huyo huyo ndiye aliyevifumua. Nilipomzoea kidogo nilimwuliza haoni uchungu. Akasema, "Naona. Lakini kitabu kizima kinasomwa na mwenye nacho. Hiki kinasomwa na wote." Akarudi kushona.

Tatizo lilikuwa bei. Vitabu vilitoka Ulaya kwa meli, vikaja na reli mpaka kwetu, vikaishia kwenye rafu ya juu ya duka moja mjini, juu ya vitambaa na birika, na kila mkono ulioupokea mzigo huo njiani ulijiongezea chake. Vitabu vya wanafunzi wanne vilikuwa bei ya ng'ombe dume, tena aliyenona. Wazazi wetu wengi walikuwa na ng'ombe, lakini mtu aliyekuzwa na ng'ombe hamtoi kwa ajili ya karatasi. Ng'ombe ni mahari, ni matanga, ni akiba ya mwaka wa njaa. Ungemwambia baba yako nini? Kwamba umemgeuza dume kuwa kitu kinachoshambuliwa na mchwa?

Bei yenyewe Mwalimu aliweza kuivumilia. Kilichomtoa povu ni chapa mpya. Kila baada ya muda chuo kilipokea habari kwamba kitabu kimetoka upya na kile cha zamani hakitatumika tena. Mara moja aliazima chapa mpya kwa mwenye duka, akakaa nayo kwenye benchi la nje akiilinganisha na ya kwake, ukurasa kwa ukurasa. Aliporudi darasani alivilaza vitabu vyote viwili mezani. "Nimeona tofauti," akasema. "Katika kitabu cha zamani mtu ananunua matofaa. Katika kipya ananunua machungwa. Na zoezi la kumi na mbili limekuwa la kumi na tano." Akatuuliza nani amewahi kula tofaa. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Yeye mwenyewe hakufundisha kwa matofaa. Alifundisha kwa ng'ombe, na ng'ombe wake walikuwa na tabia. Kulikuwa na mtu mmoja wa kubuni aliyeishi ubaoni mwaka mzima, mwenye ng'ombe wasiokwisha kuibiwa, kutolewa mahari, kurithiwa na kupotelea porini, nasi tukawa tunamhurumia. Mwanafunzi mmoja alipopata jibu la ng'ombe watatu na nusu, darasa lilicheka. Mwalimu hakucheka. "Huenda mmoja ana mimba," akasema. "Lakini mwenye ng'ombe atataka kujua ni yupi. Rudia."

Ukali wake ulikuwa wa namna yake. Ukikosea hakukugombeza, ila ukinakili jibu la mwenzako alikukalia kimya siku nzima, na kimya chake kilikuwa kirefu kuliko fimbo za walimu wengine. "Usipojua, sema hujui," alituambia mara nyingi. "Mimi nitakaa na wewe mpaka ujue." Alichukia uongo, hata ule mdogo wa adabu. Mke wa mwalimu mwenzake alipomwuliza kama chai imekolea sukari, alisema haijakolea. Nayasema haya makusudi, ili mjue ni mtu gani aliyenyamaza siku aliyopaswa kusema.

Liko jambo jingine watu waliomjua baadaye walilishangaa. Hakula nyama. Chuoni ikipikwa nyama ya ng'ombe alichukua ugali wake na mchuzi wa mboga, na finyango akazisukumia kwenye sahani ya aliye karibu. Kwenye harusi alikula wali mtupu. Wengine walisema ni tumbo, wengine wakasema ana nadhiri, na mwalimu mmoja kutoka pwani alitutania kwamba Msukuma asiyekula nyama ni sawa na reli isiyo na gari moshi. Mwalimu alicheka pamoja nao. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua jambo hilo lilikoanzia, na ng'ombe alikuwa wa shangazi yangu.

Mambo yalianzia kwenye shazia ile ile. Mkuu wa chuo, Mzungu mrefu mwenye haraka, aliingia darasani bila kupiga hodi akakuta vipande vya kitabu vimetapakaa mezani. Akashika kimoja, akakigeuzageuza. Akauliza ni nini. Mwalimu akamweleza, bila kupunguza neno. Mkuu akasema, "Hiki ni chuo, si bucha." Wiki ile ile likatoka tangazo. Kila anayeingia mwaka wa pili awe na vitabu vyake mwenyewe, vizima, vya chapa mpya. Asiyekuwa navyo likizo ikiisha, arudi kwao.

Wengine walivipata kwao, tukabaki wanne tusio navyo. Mmoja alikuwa mimi, mwingine Masanja, yule wa kidari. Kurudi nyumbani maana yake haikuwa kurudi kwenye njaa tu. Kijijini kwetu nilishaitwa mwalimu kabla sijawa mwalimu. Watoto walinipisha njia. Baba alikuwa amekataa kunipa jembe tangu nilipoanza kusoma, akisema mikono yangu ina kazi nyingine. Ningerudi na mikono hiyo laini, bila jembe na bila chaki, nimwonyeshe nani uso wangu?

Mwalimu hakukaa tu baada ya tangazo lile. Alikwenda kwa mwenye duka kuomba apunguziwe, akakataliwa kwa upole. Alikwenda kwa wamisheni, akapewa vitabu vya nyimbo. Aliwaandikia wazazi wetu. Wote walijibu kwa heshima kwamba mwaka ni mbaya. Kisha asubuhi moja akaniita nje.

"Shangazi yako, Mama Kulwa, ana shamba?"

"Analo, Mwalimu. Kubwa tu. Tangu mume wake afariki halimaliziki kulimwa."

"Na ng'ombe?"

"Ana dume mmoja, na majike kidogo."

Akatazama kiatu chake. "Mwambie tutakuja kumlimia. Darasa zima. Tutakuja elika."

Elika, kwa asiyejua, ni vijana wanaokwenda kulima shamba la mtu kwa pamoja, ngoma ikipigwa mbele yao, na malipo yake ni mnyama. Mnyama huyo huchinjwa na kuliwa pale pale uani, walimaji na wenyeji na majirani pamoja. Si kibarua. Kibarua humalizana na mtu, elika humpa mtu heshima, kwa sababu siku hiyo ni ua wake unaofuka moshi na ni chungu chake kinachozungumzwa.

"Nimwambie dume atauzwa?" nikauliza.

"Hiyo niachie. Nitamwambia mwenyewe."

Shangazi aliposikia alicheka mpaka akashika kiuno. "Wasomi waje kunilimia mimi? Hata wenye viatu?"

"Hata wenye viatu, shangazi."

"Basi dume yupo. Tangu mume wangu azikwe hajaingia mtu uani kwangu kula. Waje." Nilimwona akigeuka kuutazama ua wake, uzio wa minyaa uliokuwa umeota hovyo, na kesho yake nikasikia ameanza kuufyeka.

Tulipofika asubuhi ile watu walikuwa wamejipanga njiani kututazama, na nakiri aibu ya kwanza ya siku hiyo ilikuwa ya kijinga. Niliona aibu kushika jembe. Tulivaa kaptula nyeupe za chuo na udongo wa mbuga, ule mweusi unaonata, ulitupanda mpaka magotini. Wasichana walitucheka waziwazi. Wenzetu waliokuwa na vitabu tayari walilima kwa kununa, maana wao walikuja kwa amri.

Mwalimu akavua koti, akakunja suruali, akachukua ngoma. Hatukujua kwamba anaweza kupiga ngoma. Darasani hakuturuhusu hata kugonga meza. Sasa akapiga, akaimba kwa Kisukuma sauti nyembamba ya ujana ambayo sijui aliificha wapi miaka yote, na majembe yakaanza kushuka pamoja. Masanja akalirusha lake juu, likapindukapinduka hewani, akalidaka mgongo ukiwa umeelekea upande mwingine, kama wachezaji wa majembe wanavyofanya. Wasichana wakaacha kucheka wakaanza kupiga vigelegele. Kwa muda nilisahau chuo, vitabu na tangazo. Shamba la mjane likageuka jeusi tuta kwa tuta, na naweza kusema sijawahi kumpenda mwalimu yeyote kama nilivyompenda yule saa ile.

Jua lilipopanda tukarudi uani. Vyungu vilikuwa mekoni, ugali wa mtama ulishasongwa, visu vimenolewa na kuwekwa kwenye jani. Majirani walikuwa wamekaa. Dume alifungwa kwenye mti karibu na zizi. Shangazi alikuwa amevaa kaniki mpya. Nikamtazama Mwalimu, nikajua hajamwambia. Alishika kofia kwa mikono miwili.

"Mama, wabeja," akasema, ndiyo asante ya kwetu. "Dume tunakwenda naye."

"Mnakwenda naye wapi?"

"Mnadani."

Shangazi akadhani hakusikia vizuri. "Visu vimeshanolewa, Mwalimu."

"Naviona, Mama."

Shangazi akavuta kaniki yake begani. "Nyama yangu ina nini?"

"Haina kitu. Ni vitabu, Mama. Watoto wanatakiwa kununua vitabu."

"Vitabu vinakula ng'ombe?"

Mzee mmoja aliyekuwa amekaa karibu na vyungu akasimama, akakung'uta nguo yake, akaondoka bila kuaga, na wengine wakaanza kusimama mmoja mmoja. Mjane ambaye watu wanakataa nyama yake, kwetu, hahitaji kuelezwa watu wanafikiri nini. Mume wake alikuwa amekufa ghafla. Maneno ya uchawi yalikuwepo tayari, chini chini, yakingoja tu mtu wa kuyapa sababu, na sababu tukaileta sisi wasomi wenye kaptula nyeupe.

Shangazi alimfungua dume mwenyewe. Ng'ombe aliyeahidiwa elika si wako tena, na shangazi hakuwa mtu wa kurudisha neno. Akamkabidhi Mwalimu kamba mkononi bila kumtazama. Mwalimu akamvuta dume mbele, sisi tukamfuata, na mimi nilibaki nyuma kabisa ili watu wasijue kama niko na msafara ule au napita tu. Hakuna aliyemzuia Mwalimu, hakuna aliyesema turudi tukale kwanza. Tulitaka vile vitabu.

Njiani Masanja ndiye aliyethubutu kumwuliza kwa nini hakumwambia mapema. Mwalimu akaendelea kumvuta dume. "Ningemwomba dume wa kuuza, asingenipa," akasema. "Wa elika alinipa. Nilikwenda juzi nimwambie, nikamkuta anafyeka uzio. Nikashindwa." Halafu akasema, "Aibu hii ni yangu. Ninyi someni."

Aliweza kusema hivyo, lakini aibu haigawiki kama kitabu. Tulinunua vitabu, vizima, vyenye harufu ya gundi, vyenye machungwa ndani yake. Tuliingia mwaka wa pili. Msimu uliofuata hakuna elika iliyokwenda kwa Mama Kulwa, na uliofuata vivyo hivyo. Watoto waliambiwa wasinywe maji kwake. Alilima pembe moja ya shamba peke yake na lililobaki likaota magugu. Nilipokwenda kumsalimia alinipokea, akaniandalia michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa ya mgando. "Shikamoo shangazi." "Marahaba, mwalimu." Hakuwahi kunilaumu. Angenilaumu ningepata pa kushika. Nilikula macho yangu yakiwa kwenye bakuli.

Mwalimu alijaribu kurekebisha kwa njia zake. Alikwenda kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji, akaeleza mbele ya wazee kwamba kosa ni lake na nyama ya mama yule ilikuwa safi. Wazee wakamsikiliza, wakamshukuru, wakabaki na mawazo yao. Mmoja alimwambia, "Kama ilikuwa safi, ungeila." Nadhani ndipo alipoacha nyama. Kama hakula ile, hakuona njia ya kula nyingine.

Baada ya miaka michache akaacha ualimu. Watu walisema amefuata pesa, na kwa macho ilikuwa kweli. Migodi ya dhahabu ilikuwa imeanza upande wa Geita, na karani anayejua hesabu alilipwa vizuri kuliko mwalimu. Mimi nilipopangiwa shule ya huko, kabla ya ile vita kubwa ya pili, nilimkuta kwenye kibanda cha bati akiandika majina ya wachimbaji wanaoingia zamu. Alikuwa amekonda. Koti lilikuwa lile lile, na nilipomkumbatia shazia ikanichoma ubavuni.

"Bado unayo?" nikamwuliza.

"Magunia ya mawe yanapasuka," akasema, kana kwamba hilo ndilo jibu.

Wachimbaji walimpenda na kumtania. Walimwita bahili, kwa kuwa hakunywa pombe na hakununua nguo. Mmoja aliniambia kwamba karani huyu akifa watakuta dhahabu chini ya kitanda. Mwalimu mwenyewe aliniambia siku ya pili anachokiwekea akiba, tukiwa tumekaa juu ya mbao nje ya kibanda.

"Bei ya ng'ombe imeshuka," akasema. "Nimepata ya dume. Likizo yako ikifika twende kwa shangazi yako. Mwambie mapema. Mwambie nakuja kula."

Nikatuma habari. Nami nikafunga kwenye kitambaa vile vitabu vyangu, vya ng'ombe yule wa kwanza. Nilikuwa nimesikia kwamba mjukuu wa shangazi, mtoto wa Kulwa, amekubaliwa chuo chetu, na nilifurahi kupita kiasi. Nilijiambia vitarudi kwa mwenye ng'ombe. Nilivitunza miaka yote, sikukunja hata ncha moja.

Dume tulimnunua mnadani Shinyanga, mnada ule ule. Alikuwa mweusi mwenye paji jeupe na nundu iliyolala pembeni kwa mafuta. Tulipoingia uani watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia. Habari ilishaenea kwamba mwalimu aliyekataa nyama ya Mama Kulwa amerudi kuila, na hata waliowakataza watoto wao maji walikuwa wameleta vyungu. Yule mzee aliyeondoka bila kuaga alikuwa amekaa mbele kabisa. Uzio ulikuwa umefyekwa, na dume tukamfunga kwenye mti ule ule karibu na zizi.

Shangazi alitoka ndani akiinama, uzee ulikuwa umemshika. Mwalimu akavua kofia.

"Mwangaluka, Mama."

"Mwangaluka, Mwalimu. Mmefika?"

"Tumefika. Nimeleta dume. Nimekuja kula nyama yako." Alisema kwa sauti, ili wa nyuma wasikie, na niliona mabega ya watu yakilegea.

Shangazi akampapasa dume nundu. "Amenona," akasema. Akawa anatabasamu. Mimi, mjinga wa furaha, nikaona huo ndio wakati wangu. Nikafungua kitambaa, nikamwekea vitabu mikononi. "Na hivi ni vya mjukuu wako, shangazi. Ndivyo vile. Hatanunua."

Akavishika kwa viganja vyote viwili. Hakujua kusoma, lakini alivitazama kwa muda mrefu, kwa kuwa hakuwahi kuonyeshwa dume wake alikuwa amegeuka kitu gani. Mwalimu naye akavitazama. Akanyoosha mkono, akafungua cha juu, akafika kwenye ukurasa wa machungwa. Nikaona uso wake unabadilika, nikaelewa kabla hajasema, na nikamwomba Mungu asiseme. Angeweza kunyamaza. Nyama ingeliwa, watu wangeona, na mambo ya vitabu yangejulikana baadaye huko chuoni, sisi tukiwa tumeshaondoka.

"Mama," akasema, "hivi ni chapa ya zamani. Havitakubaliwa. Watamrudisha."

Shangazi akakifunga kitabu. "Vipya vinauzwaje?"

Mwalimu akamtazama dume.

"Kama zamani?"

"Vimepanda, Mama. Na ng'ombe ameshuka. Dume huyu ni vitabu vya mtoto mmoja."

Alizungumza naye kwa sauti ya chini sasa, na majirani hawakuwa wanasikia. Waliona tu watu watatu wamesimama karibu na ng'ombe. Kisu cha mtu kililia kwenye jiwe la kunolea. Shangazi aliwatazama wale waliokaa, mmoja baada ya mwingine, na vyungu vyao, na yule mzee. Miaka yote ile alikuwa akingoja siku moja tu kama hii, nami nilijua, na Mwalimu alijua.

"Mimi nimeshazoea," akasema. "Huyu mtoto asirudishwe."

"Mama, nitatafuta mwingine. Nipe muda. Leo tule."

"Chuo kinafunguliwa lini?"

Kilikuwa kinafunguliwa wiki ile ile. Shangazi akanirudishia vitabu vyangu. Akaifungua kamba mtini, polepole, vidole vilikuwa havikunjiki vizuri, akaiweka mkononi mwa Mwalimu kama alivyofanya mara ya kwanza, ila safari hii alimtazama usoni.

"Njia ya mnada unaijua," akasema.

Tulipogeuka watu walikuwa wameshaanza kunong'ona. Yule mzee alisimama, akakung'uta nguo yake. Nikasikia mwanamke akimwambia mwenzake, "Ni yule yule, tena," na kifuniko cha chungu kikarudishwa juu ya chungu. Mwalimu aliinamisha kichwa akaanza kumvuta dume kuelekea kwenye upenyo wa uzio. Nilivibana vitabu kwapani, nikapita upande wake, nikaishika kamba karibu na mkono wake, tukatoka uani watu wote wakituona.